Andika Nilikuwepo

Nilivuka kwa feri ya saa nane mchana,
faili kwapani, kalamu tatu, muhuri,
na tumbo lililobaki nusu ya njia.
Hamnaness: nyumba kumi na saba za mawe,
kanisa, pampu moja ya mafuta,
na upepo usiobisha hodi.

Tangazo lilikaa mlangoni pa ukumbi siku ishirini na nane,
kama sheria itakavyo,
kwa pini nne, mbili zimeshika kutu:
Ombi la leseni. Kuweka chombo cha utafiti
chini ya bahari, kina cha mita thelathini na mbili.
Wananchi wote mnakaribishwa kutoa maoni.
Wananchi wote walikuja watano,
na mbwa.

Dakta Mowat alitupa picha ukutani:
kigoda cha chuma, miguu mitatu, rangi ya manjano,
masikio manne yaliyovikwa mpira,
na uzito wa magurudumu ya treni iliyokwisha kufa.
Kitakaa huko miezi kumi na tisa
kikisikiliza nyangumi, pomboo,
changarawe zikisagana mkondo unapogeuka.
"Hakigusi kitu," alisema. "Hakisemi. Kinasikia tu."

Akainuka Tammas Rendall, kofia mkononi:
"Hapo mlipochora duara jekundu
nina madema sitini.
Baba alitega hapo. Nami nategea hapo.
Niyahamishie wapi, jikoni?"
Nikaandika: Mdau ana wasiwasi kuhusu matumizi ya eneo.
Ndivyo tuandikavyo ofisini.
Samaki tunamtoa miiba yote,
kisha tunashangaa hana uti.

Wilma Scollay, mwalimu mstaafu, alitaka kujua
kama kitasikia na injini za watu,
na watu wenyewe, wanapogombana ndani ya boti
wakidhani wako peke yao na Mungu.
Dakta akacheka kidogo.
Halafu hakucheka.
"Hilo," akasema, "itabidi nikaulize."

Sikio halipiti kichwa,
lakini nilipiga hesabu pembeni mwa karatasi:
bahari, miezi kumi na tisa, usiku na mchana, bila kukatizwa;
watu watano, dakika tisini,
maana feri ya mwisho ni saa tatu kasoro robo.

Nyuma kabisa, ubavuni mwa hita,
Isbel Drever alikuwa akifuma soksi.
Wakati wa picha hakuinua uso.
Nilimfikia mwisho, na fomu yangu ya visanduku vitatu:
Naunga mkono. Napinga. Sina maoni.

"Andika nilikuwepo."

Nikamwambia, bibi, kisanduku hicho hakipo.

"Basi kichore, mwanangu."
Sindano hazikusimama.
"Kile kitakaa huko chini kimya, bila neno,
nanyi mtakiita utafiti.
Mimi nimekaa hapa miaka themanini na moja."

Feri ikapiga honi.
Nilikusanya karatasi vibaya, moja ikaanguka,
mbwa akaikanyaga.

Leseni ilitoka mwezi wa Machi, masharti sita.
Duara lilisogezwa mita mia mbili kaskazini;
madema ya Tammas yalipona, kasoro kumi na moja.
Kiambatisho cha tatu, ukurasa wa arobaini:
waliounga mkono, wawili;
waliopinga, wawili;
asiye na maoni, mmoja.
Muhuri niliupiga mwenyewe, ukakolea vizuri.

Katika nakala ya kabatini, si ile iliyotumwa,
kuna kisanduku cha nne kwa penseli,
kimepinda upande mmoja.
Sijaandika kitu ndani yake.
Huko chini, kitu cha manjano kinasikiliza mawe.